Maziwa yanamtosha mwanao? Funzo kutoka maisha ya Dk Cicely Williams

Kaa kwenye benchi la kliniki ya baba, mama na mtoto, iwe Ifakara mjini, Mang'ula, Mlimba au ng'ambo ya mto kule Lupiro na Malinyi, na swali moja utalisikia kabla kadi hazijakusanywa. Mama ana mtoto wa mwezi mmoja au miwili. Mtoto analia usiku, na nyumbani bibi au jirani ameshatoa hukumu kwamba maziwa ya mama ni mepesi, hayashibishi. Mama anataka kujua mtoto wake anahitaji maziwa kiasi gani kwa siku, na atajuaje kama yake yanatosha.

Jibu la vipimo ni fupi. Mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anayenyonya hupata kwa wastani mililita 750 hadi 800 za maziwa kwa siku, yaani kama chupa moja na nusu ya maji ya nusu lita. Akitimiza miezi sita anaendelea kunyonya, lakini maziwa peke yake hayamtoshi tena. Hadi afikishe mwaka mmoja, maziwa ya mama yanaweza kumpa nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji, na iliyobaki lazima itoke kwenye chakula.

Hata hivyo, watoto wengi wanaodhoofika katika mwaka wa kwanza na wa pili hawadhoofiki kwa sababu mama hakujua kuhesabu mililita. Wanadhoofika kwa sababu nafasi ya ziwa imechukuliwa na kitu kisichoweza kulishika nafasi: maziwa ya kopo yaliyozimuliwa, au uji mtupu. Aliyeliona jambo hilo mapema, akalipigania hadharani na kulipia gharama yake, ni daktari mmoja mwanamke aliyefariki mwaka 1992. Jina lake ni Cicely Williams. Fuatana nami katika maisha yake, kwa sababu kila hatua aliyopita inajibu sehemu ya swali la yule mama wa kliniki.

Binti wa Jamaika

Cicely Delphine Williams alizaliwa Desemba 2, 1893, huko Kew Park, Jamaika, katika familia ya wenye mashamba iliyoishi kisiwani humo kwa vizazi kadhaa. Akiwa na miaka 13 alipelekwa Uingereza kusoma. Baadaye alipata nafasi Chuo Kikuu cha Oxford, lakini nyumbani kulikuwa kumepigwa na tetemeko na vimbunga, akaiacha nafasi hiyo na kurudi kuwasaidia wazazi wake.

Baba yake alipofariki mwaka 1916, Cicely alikuwa na miaka 23. Alirudi Oxford kusomea udaktari. Wakati ule Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimewachukua vijana wa kiume, na viti walivyoviacha wazi ndivyo vilivyowapa wanawake wachache nafasi ya kuingia darasani. Alihitimu mwaka 1923.

Alifanya kazi katika hospitali ya watoto mashariki mwa London, eneo la watu wa kipato cha chini. Hapo alijifunza jambo lililomwongoza maisha yake yote: daktari hawezi kumtibu mtoto vizuri kama hajui nyumbani kwao kunapikwa nini, nani anamlisha na mama anashinda wapi. Kwa hiyo ukienda kliniki na muuguzi akakuuliza mtoto anabaki na nani unapokwenda shamba, usidhani anakuchunguza. Anatafuta chanzo cha tatizo.

Ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani

Mwaka 1929 aliajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza na kupelekwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Madaktari wanawake walilipwa chini ya wanaume kwa kazi ileile. Alifanya kazi katika hospitali ya watoto ya Princess Marie Louise mjini Accra, na huko alikutana na watoto waliomsumbua akili.

Walikuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na minne. Miguu ilivimba, tumbo lilijaa, nywele zilibadilika rangi na kuwa nyekundu na laini, ngozi ilibambuka kama iliyoungua. Wengi walikufa. Vitabu vya wakati huo havikuwa na jina la ugonjwa huo. Baadhi ya wakubwa wake walisema ni pelagra, ugonjwa wa ngozi uliojulikana tayari, na wakaona hakuna jipya.

Yeye alifanya jambo ambalo madaktari wengi wa kikoloni hawakulifanya: aliwauliza wenyeji. Waga wa Accra walikuwa na jina la ugonjwa huo, kwashiorkor, na maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa nafasi yake mdogo wake anapokuja. Wenyeji walikuwa wameshaona kinachotokea. Mama akishika mimba nyingine, mtoto wa kwanza huondolewa ziwani, hupewa chakula cha unga wa mahindi asubuhi, mchana na jioni, na baada ya miezi michache huanza kuvimba. Dk Williams alieleza ugonjwa huo katika jarida la kitabibu mwaka 1933, na mwaka 1935 akaliweka jina hilo la Kiga katika jarida la Lancet. Hoja yake ilikuwa kwamba chakula cha mahindi matupu hakina protini ya kutosha kumjenga mtoto. Leo wataalamu wanajua kwamba ugonjwa huo una mambo mengi ndani yake, yakiwemo maambukizi ya mara kwa mara, lakini lile la msingi alilosema halijafutika: mtoto aliyetolewa ziwani na kuachiwa wanga pekee yuko hatarini.

Sisi tunauita unyafuzi, na wengi husema kwashakoo. Ulionekana pia Afrika Mashariki. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya kuanzia mwaka 1929 na baadaye Hospitali ya Mulago, Kampala, alikutana na watoto wa namna hiyohiyo, na mwaka 1954 yeye na wenzake wawili walitoa kitabu kizima juu yake. Mwaka 1965 kilianzishwa Mulago kituo cha Mwanamugimu, ambako akina mama wenye watoto wenye utapiamlo walifundishwa kupika vyakula vya shambani kwao wenyewe badala ya kungoja dawa.

Kubemenda na ukweli wake

Sasa linganisha na kwetu. Mtoto wa mwaka mmoja akianza kudhoofika wakati mama ana mimba, watu hunong'ona kwamba amebemendwa. Wazazi hulaumiwa kwamba wamekutana mapema, na mara nyingi mama ndiye anayebeba aibu. Matokeo yake mama anaficha, haendi kliniki, anatafutiwa dawa ya mitishamba, na siku muhimu zinapita.

Waliotunga neno hilo waliona kweli, kama Waga walivyoona: mimba mpya na kudhoofika kwa mtoto mara nyingi hufuatana. Kilichokosewa ni sababu. Tendo la ndoa halimdhuru mtoto anayenyonya, na mimba haigeuzi maziwa kuwa sumu. Kinachomdhuru ni kulikizwa ghafla, siku moja ana ziwa, kesho hana, halafu kupewa uji mweupe na ubwabwa mtupu. Bondeni kwetu mpunga tunao, na ghala linaweza kujaa huku mtoto akikosa kinachomjenga. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa.

Ukishika mimba ukiwa unanyonyesha, na mimba inaendelea vizuri, unaweza kuendelea kunyonyesha huku ukila vizuri zaidi. Ikiwa uliwahi kuharibikiwa mimba au kujifungua kabla ya wakati, zungumza na mhudumu wa afya kwanza. Ukilazimika kumlikiza, fanya polepole kwa wiki kadhaa. Na kabla ya hapo, pangeni uzazi: inashauriwa ipite miaka miwili tangu kujifungua ndipo mimba nyingine ishikwe. Baba, hili linakuhusu sawasawa na mama.

Baada ya miezi sita, ziwa na sahani

Anapotimiza miezi sita mpe vijiko viwili au vitatu vya chakula laini kwa mlo, kisha ongeza hadi nusu ya kikombe cha mililita 250. Kati ya miezi sita na minane mpe milo miwili hadi mitatu kwa siku. Kati ya miezi tisa na 11 mpe milo mitatu hadi minne, nusu kikombe au zaidi kidogo kila mlo, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili kama ndizi mbivu au papai. Ziwa linaendelea kila anapolitaka, mchana na usiku.

Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko. Uongezee kitu cha kujenga mwili: samaki wa mtoni aliyetolewa miiba vizuri na kusagwa, dagaa wa unga, yai, maharage yaliyopondwa, karanga zilizosagwa. Weka mboga za majani na tone la mafuta. Kambale au perege anayepikwa kwa ajili ya baba asiishie kwenye sahani ya baba.

Kuna sababu nyingine inayofanya maziwa pekee yasitoshe baada ya nusu mwaka, nayo ni damu. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ambayo hupungua kadiri miezi inavyopita, na malaria hula damu yake. Mwaka 1997 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa Ifakara kwa watoto 832 waliozaliwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Watoto waliopewa madini ya chuma tangu wiki ya nane hadi ya 24 walipungukiwa upungufu mkubwa wa damu kwa zaidi ya robo, na waliopewa dawa ya kukinga malaria kwa zaidi ya nusu. Usimnunulie mtoto matone ya chuma bila ushauri, lakini chandarua kila usiku, samaki, maini na mboga za majani viko mikononi mwako.

Hotuba iliyowakera wenye makopo

Turudi kwa daktari wetu. Mwaka 1936, baada ya kutofautiana na wakubwa wake, alihamishwa kutoka Gold Coast na kupelekwa Malaya, mashariki ya mbali. Huko alikutana na tatizo lililo tofauti. Accra watoto waliumia baada ya kuachishwa ziwa. Singapore waliumia kwa sababu hawakupewa ziwa tangu mwanzo, au waliondolewa mapema mno.

Makampuni yalikuwa yakiuza maziwa mazito ya kopo yenye sukari nyingi kama chakula cha watoto wachanga. Wanawake waliovalishwa kama wauguzi walipita majumbani wakiwashawishi mama waliojifungua kwamba maziwa ya kopo ni bora. Familia zisizo na kipato ziliyazimua kwa maji ili kopo lidumu, na maji yenyewe hayakuwa safi. Watoto walikufa kwa kuhara, na wengine walipofuka kwa kukosa vitamini A.

Mwaka 1939 Dk Williams alialikwa kuzungumza na klabu ya Rotary ya Singapore, mbele ya wafanyabiashara na wakubwa wa mji. Hotuba yake aliipa jina linalomaanisha Maziwa na Mauaji. Aliwaambia kwamba vifo vya watoto vinavyotokana na propaganda ya maziwa yasiyofaa vihesabiwe kuwa ni mauaji, na wanaoieneza waadhibiwe. Hakupunguza makali.

Dunia ilichukua muda kumfikia. Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ulipitisha kanuni ya kimataifa ya kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala, wakati yeye akiwa na miaka 87. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994. Kwa hiyo mtu akikutangazia maziwa ya kopo kwenye wodi ya wazazi au kukupa kopo la bure la kujaribu, jua kwamba anafanya jambo lisiloruhusiwa.

Kama mtoto hawezi kupata maziwa ya mama

Wapo watoto ambao mama amefariki, au ana tatizo la kiafya linalomzuia kunyonyesha. Hao wanahitaji maziwa mbadala, na hapa vipimo ni vya lazima. Baada ya wiki ya kwanza hadi miezi sita, kadiria mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima. Mtoto wa kilo nne atahitaji mililita 600, ukigawa mara nane ni mililita 75 kila mara. Mtoto wa kilo tano atahitaji 750, na wa kilo sita 900. Siku za mwanzo huanza na kidogo, karibu mililita 60 kwa kilo siku ya kwanza, kisha huongezwa kila siku, na hilo lifanyike chini ya uangalizi wa wahudumu.

Tumia maziwa ya unga ya watoto wachanga. Pima kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo, kilichosawazishwa juu, na maji kiasi kilichoandikwa, yaliyochemshwa. Ukizidisha maji unampa mtoto njaa, ukizidisha unga unamchosha figo. Tumia kikombe kidogo kisafi badala ya chupa yenye chuchu, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha na huficha vijidudu. Kinachobaki kwenye kikombe kimwagwe.

Kabla hujaanza kwa hiari yako, piga hesabu. Kwa miezi sita mtoto humaliza karibu kilo 20 za maziwa ya unga, yaani makopo 40 ya nusu kilo. Zidisha kwa bei ya duka lililo jirani nawe. Hapo ndipo utaona kwa nini familia nyingi huishia kuzimua.

Maziwa ya ng'ombe hayafai kwa mtoto wa chini ya miezi sita, hata kama ng'ombe ni wa kwenu na maziwa ni ya asubuhi ileile. Baada ya miezi sita, kwa mtoto asiyenyonya kabisa, yanaweza kutumika yakichemshwa: mililita 200 hadi 400 kwa siku ikiwa anakula samaki, nyama au mayai mara kwa mara, na 300 hadi 500 ikiwa havipati. Kuzidisha si sifa. Mtoto anayeshibishwa maziwa ya ng'ombe hukataa chakula na hupungukiwa damu.

Mama mwenye VVU asiachishwe ziwa kwa hofu. Akitumia dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa, hunyonyesha maziwa yake pekee kwa miezi sita, kisha huendelea kunyonyesha pamoja na chakula, akifuata ratiba ya kliniki ya kumpima mtoto.

Watoto 20 gerezani

Desemba 1941 jeshi la Japani liliingia Malaya. Dk Williams alikuwa Terengganu, pwani ya kaskazini mashariki. Alikimbia kupitia msituni hadi Singapore, na Februari 1942 mji huo nao ukaanguka. Alifungwa pamoja na maelfu ya raia wengine, sehemu kubwa ya muda katika gereza la Changi, kwa miaka mitatu na nusu. Alikuwa mmoja wa viongozi wa wanawake wafungwa. Kwa miezi kadhaa alichukuliwa na polisi wa kijeshi wa Kijapani na kuwekwa kizuizini pamoja na watu waliokuwa wakifa. Njaa ilimletea beriberi, ugonjwa wa kukosa vitamini B1, ulioacha ganzi miguuni mwake hadi kufa kwake.

Ndani ya kifungo hicho, chakula kikiwa haba kwa kila mtu, walizaliwa watoto 20. Hapakuwa na makopo ya kukimbilia. Watoto wote 20 walinyonyeshwa na mama zao, na wote 20 waliishi.

Mama unayeambiwa maziwa yako ni mepesi, tafakari hesabu hiyo. Hao walikuwa wanawake wenye njaa, hofu na maradhi, na miili yao bado ililea. Sisemi ukae na njaa. Mama anayenyonyesha anahitaji kula mlo mmoja wa ziada kila siku na kunywa kila anaposikia kiu, na ni wajibu wa nyumba nzima kuhakikisha anapata. Ninachosema ni kwamba mwili wa mama hautengenezi maziwa mepesi yasiyofaa. Yale yanayotoka mwanzo wa kunyonya huonekana maji maji, na yanayofuata huwa na mafuta zaidi. Mwache amalize titi moja ndipo umpe la pili.

Utajuaje kama yanatosha

Siku ya kwanza tumbo la mtoto ni dogo sana. Anahitaji kijiko kimoja cha chai tu cha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, kila anaponyonya. Usiyakamue na kuyamwaga, ndiyo kinga yake ya kwanza. Mwisho wa wiki ya kwanza huwa anapata karibu nusu lita kwa siku. Mnyonyeshe mara nane hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, kwani kunyonya ndiko kunakouambia mwili utengeneze mengine.

Huwezi kupima mililita zinazotoka titini, na huna haja. Angalia mkojo: kuanzia siku ya tano, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa saa 24, na mkojo hauna rangi kali. Angalia uzito kwenye kadi: atapungua kidogo siku za mwanzo, arudie uzito wa kuzaliwa kufikia wiki mbili, kisha aongezeke angalau nusu kilo kila mwezi katika miezi ya mwanzo. Karibu na miezi mitano au sita uzito uwe mara mbili ya ule wa kuzaliwa, na akitimiza mwaka uwe karibu mara tatu. Kilio peke yake si kipimo. Mtoto hulia kwa joto, kwa gesi, kwa kutaka kubebwa.

Joto la Ifakara unalijua. Hata hivyo mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, kwa sababu zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji. Siku ya joto kali mnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Msimu wa kilimo ndio mtihani mkubwa. Familia nyingi huhamia mashambani bondeni wakati wa mpunga, mbali na zahanati. Mtoto wa chini ya miezi sita aende na mama yake, na chandarua kiende pia. Ukilazimika kumwacha, mnyonyeshe kabla ya kuondoka, kamua maziwa kwa mikono safi kwenye kikombe kilichochemshwa, funika na weka mahali pa baridi. Anayebaki naye amnyweshe kwa kikombe ndani ya muda wa saa 4, mapema zaidi kukiwa na joto kali. Kwa mama aliyeajiriwa, iwe kiwandani, shuleni au kwenye mashamba makubwa, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ni haki yako.

Alichotuachia

Baada ya vita Dk Williams alipona, na mwaka 1948 akawa mkuu wa kwanza wa kitengo cha afya ya mama na mtoto cha WHO, Geneva. Baadaye alifundisha London, Beirut na Marekani. Kote alisisitiza kwamba hospitali na kinga visitenganishwe: anayemtibu mtoto leo ndiye amfundishe mama ili mtoto asirudi wodini kesho. Kliniki unayoijua, yenye mizani, chanjo, matibabu na mafunzo ya lishe mahali pamoja, inafuata wazo hilo. Alifariki Oxford Julai 13, 1992, akiwa na miaka 98.

Usisubiri mtoto avimbe ndipo umlete. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo akikataa kunyonya, akiwa mlegevu, akiwa na homa, akikojoa kidogo, au akihara na macho kudidimia. Mtoto wa zaidi ya miezi sita apimwe mkono: chini ya sentimita 11.5 ni hatari. Miguu yote miwili ikibonyea ukiibonyeza kwa kidole na alama ikabaki, hiyo ni dharura, hata kama uso wake umejaa na jirani anakusifia kwamba amenenepa.